Kabichi yenye masharubu na ugomvi wa banjo

Tangu Beyoncé alipotoa albamu yake ya Cowboy Carter mwezi Machi 2024, na hasa tangu ilipotwaa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka Februari 2025, banjo imekuwa midomoni mwa watu ambao zamani hawakuwa na habari nayo. Banjo inayosikika katika wimbo wa Texas Hold 'Em ilipigwa na Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi wa North Carolina ambaye kwa karibu miaka 20 amekuwa akiwakumbusha Wamarekani kwamba chombo hiki kina asili ya Afrika na kilivuka bahari pamoja na watu waliotiwa utumwani. Ukumbusho huo sasa umeenea. Pamoja nao zimeenea video fupi za nyimbo za kale za vichekesho zilizopigwa kwa mtindo wa bluegrass, muziki wa kasi wa vyombo vya nyuzi kutoka Kusini mwa Marekani: vijana wanne watano wamesimama nusu duara, huyu na banjo, huyu na fidla, wengine na mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama, wanaimba kisa cha mume mlevi anayerudi nyumbani usiku na kukuta farasi wa mtu bandani. Watu wanacheka, wanarushiana, kisha wanaanza kugombana: hiki kitu ni cha nani?

Jibu linalotolewa mara nyingi linagawa mambo kama wagawavyo mirathi. Banjo wanapewa Weusi. Hadithi wanapewa Wazungu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Kicheko hapewi mtu, maana kinaonekana ni kitoweo tu, hakina uzito wa kugombewa. Fungu la kwanza ni sahihi, na lilicheleweshwa mno. Mafungu mawili yaliyobaki yamekosewa. Hadithi yenyewe imepita mikononi mwa Weusi na Weupe kwa pamoja, na ushahidi umo kwenye santuri ambazo mtu yeyote anaweza kuzisikiliza leo. Na kicheko ndicho kilichoivusha hadithi hiyo, kutoka lugha hadi lugha na kutoka karne hadi karne, hata pale ambapo nyimbo za huzuni na za vita zilizokuwa na heshima zaidi zilisahauliwa. Kwa hiyo anayeusambaza wimbo huu kama mzaha wa dakika mbili usio na nasaba, na anayeudharau kwa kuwa ni mzaha, wote wawili wanaliacha jambo lenyewe pembeni.

Tuanze na kisa cha wimbo huo wa mlevi, ambao wataalamu huuita Our Goodman. Mume anarudi nyumbani amelewa. Mahali anapofunga farasi wake pamefungwa farasi mwingine. Anamuuliza mkewe: farasi huyu ni wa nani? Mke anamjibu kwa ukali kwamba amelewa mpaka haoni, huyo ni ng'ombe wa maziwa aliyeletwa na mama. Mume anatafakari, kisha anasema amesafiri maili nyingi sana katika maisha yake, lakini ng'ombe wa maziwa mwenye tandiko mgongoni hajapata kumwona. Basi. Hapigi mtu, hafukuzi mtu, anaingia kulala, na ubeti unaofuata unaanza upya, usiku mwingine, na kitu kingine. Katika toleo la Uskoti lililochapishwa na David Herd mwaka 1776, vitu hivyo ni vya bwana mkubwa wa enzi zile. Buti za mgeni zinaitwa ndoo za maji, na mume anashangaa ndoo zenye vyuma vya fedha vya kuchokolea farasi. Upanga unaitwa mwiko wa uji. Wigi linaitwa kuku anayeatamia, na mume anasema kuku aliyepakwa poda ni mara yake ya kwanza kumwona. Koti linakuwa blanketi, ila lina vifungo. Mwisho anamkuta mwanamume mwenyewe, naye anaitwa kijakazi wa kukamua ng'ombe. Kijakazi huyo ana ndevu ndefu.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa utamu huu unatoka wapi, kwa sababu tumelelewa na Abunuwasi. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kasufuria kadogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea mtoto kwa furaha. Siku nyingine akaiazima tena, asiirudishe, akasema imekufa. Jirani alipofoka, akaulizwa: ulikubali kwamba sufuria huzaa, sasa unakataaje kwamba hufa? Kisa kile na wimbo huu vinaendeshwa na mtambo mmoja. Uongo unakubaliwa kwanza, halafu unafuatwa kwa utiifu mpaka unapogonga ukuta. Tofauti ni kwamba katika kisa cha Abunuwasi mwongo ndiye anayejenga mantiki hadi mwisho, na katika wimbo huu mwenye kudanganywa ndiye anayeijenga. Mlevi wetu si mjinga kama anavyodhaniwa. Haambiwi neno akalimeza lote. Analipokea, analigeuza mkononi, analionyesha tandiko lake, kisha analirudisha mezani. Kila msikilizaji amewahi kuwa mahali hapo, mbele ya mtu anayemwambia kwamba anachokiona sicho anachokiona.

Mtambo wa namna hii ni mwepesi kubeba. Wimbo wa vita unahitaji mpiganaji anayejulikana na mahali palipopiganiwa; ukiuhamisha nchi, unakuwa mgeni. Wimbo huu unahitaji mlango, kitanda na jibu la uongo. Mwaka 1789 ulitafsiriwa kwa Kijerumani, na kutoka hapo ukasambaa hadi Skandinavia na Hungaria. Huko Ireland ukaimbwa kwa Kigaelige. Profesa Francis James Child wa Harvard, aliyekusanya tenzi 305, yaani nyimbo za kusimulia visa, za Uingereza na Uskoti katika juzuu zilizotoka kati ya 1882 na 1898, aliupa namba 274, akaupanga karibu na visa vingine vya ugomvi wa ndoa. Namba 275 ni ya mume na mke wanaowekeana nadhiri kwamba atakayesema kwanza ndiye atakayefunga mlango, wakanyamaza mpaka wageni wakaingia na kula chakula chao. Namba 278 ni ya Shetani aliyemchukua mke mkorofi wa mkulima akampeleka motoni, mke akawatwanga mashetani wadogo mmoja mmoja, mpaka Shetani akamrudisha kwa mumewe akisema hamwezi. Huu wa Shetani nao unapigwa sana kwa bluegrass, na nao ni wa kale hivyohivyo.

Ulipofika Marekani, wimbo wa mlevi uliacha njiani kila kilichokuwa cha mabwana. Upanga ukatupwa, wigi likatupwa, vyuma vya fedha vikatupwa. Farasi alibaki kwa sababu mkulima wa Georgia alikuwa na farasi, au walau nyumbu. Koti likawa shuka au blanketi lenye mifuko. Na mahali pa kijakazi mwenye ndevu pakaingia picha ambayo kwangu inashinda ya Uskoti: kichwa cha mtu juu ya mto, mke anasema ni kabichi, na mume anasema kabichi yenye masharubu hajapata kuiona. Hakuna kamati iliyokaa kufanya mabadiliko hayo. Yalifanywa na waimbaji wasio na majina, kila mmoja akijaribu kuwafanya watu waliokaa mbele yake wacheke, na watu hao hawakuwa na wigi. Kicheko ni mwamuzi mkali. Wimbo wa huzuni mtu anaweza kuuvumilia hata asipouelewa, kwa adabu. Mzaha usioeleweka hufa palepale, na ndiyo maana kila kizazi kililazimika kuufanya wake.

Sasa tuje kwenye santuri, kwa sababu hapa ndipo mgawanyo wa mirathi unapoanguka. Katika miaka ya 1920 makampuni ya santuri ya Marekani yaligawa muziki wa watu wa Kusini katika orodha mbili za mauzo. Moja ilikuwa ya wanunuzi Weusi, na nyingine ya wanunuzi Weupe wa vijijini. Kampuni ya Okeh ilikuwa na mfululizo wa santuri za namba 8000 kwa Weusi na wa 45000 kwa Weupe. Columbia ilikuwa na 14000 na 15000. Mwaka 1927 Earl Johnson wa Georgia, mpiga fidla mweupe, aliurekodi wimbo huu kwa Okeh pamoja na bendi yake, ukawekwa kwenye orodha ya Weupe. Mwaka 1929 Coley Jones, mwanamuziki mweusi wa Dallas, aliurekodi kwa Columbia, ukawekwa kwenye orodha ya Weusi. Kisa ni kilekile, mlevi ni yuleyule, maswali na majibu ni yaleyale. Duka lilikuwa na rafu mbili, na wimbo mmoja ulikuwa umelala kwenye rafu zote mbili. Mwaka 1958 Sonny Boy Williamson, mwanamuziki mweusi, aliurekodi tena huko Chicago, kwa harmonika na bluzi, bila kumwomba mtu radhi kwamba ni utenzi wa Uskoti. Hakuwa na haja ya radhi. Ulikuwa umekaa kwao muda mrefu.

Harry Smith, mkusanyaji wa santuri, alipotoa mkusanyo wake wa rekodi 84 za zamani mwaka 1952 kupitia kampuni ya Folkways, aliuweka wimbo wa Coley Jones miongoni mwa tenzi za mwanzo kabisa, na kwa makusudi hakuandika popote nani mweusi na nani mweupe. Wasikilizaji wengi walikosea kubahatisha. Mississippi John Hurt, mweusi, walimdhania Mzungu wa milimani. Naliona jambo lile kuwa jaribio zuri kuliko hoja nyingi zilizoandikwa baadaye: ukiiondoa lebo iliyobandikwa na duka, sikio haliijui mipaka ambayo duka liliichora.

Wapo wanaosema kinyume, na tuwape nafasi. Hoja ya kwanza ni ya usafi. Inasema nyimbo hizi ni masalia ya Uingereza na Uskoti yaliyohifadhiwa milimani na watu waliotengwa na dunia, na kwamba banjo na kasi ya bluegrass ni vurugu iliyokuja baadaye kuharibu. Hoja hii ina baba anayejulikana. Cecil Sharp, mkusanyaji kutoka Uingereza, alitembea katika milima ya Appalachia kati ya 1916 na 1918 pamoja na Maud Karpeles, akaandika nyimbo kwa mamia. Kazi yake ni kubwa na tunaihitaji. Lakini Sharp alikwenda kutafuta Uingereza, na mtu hupata anachokwenda kukitafuta. Waimbaji Weusi aliwapita karibu wote, na ala za muziki hakuzijali sana, ilhali milima ile ilikuwa imejaa banjo na fidla. Halafu kitabu chake kilipotoka, watu wakasoma ukimya ule kama ushahidi: hakuna Weusi ndani, kwa hiyo hawakuwapo. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu imejengwa juu ya pengo lililochimbwa na mjenzi mwenyewe. Bill Monroe, aliyezaliwa Rosine, Kentucky, mwaka 1911 na kuipa bluegrass jina kupitia bendi yake ya Blue Grass Boys, alisema waziwazi kwamba alipokuwa kijana alipiga kwenye dansi pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla mweusi, na kwamba alichota kwake. Kama mwanzilishi mwenyewe hakudai usafi, sioni ni nani mwingine aliyepewa ruhusa ya kuudai kwa niaba yake.

Na kuhusu kasi, nadhani wengi hawajatazama bluegrass inaufanyia nini wimbo wa kuchekesha. Kabla ya 1945 mpiga banjo jukwaani mara nyingi alikuwa ndiye mchekeshaji. Uncle Dave Macon, nyota wa mapema wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, alikuwa akiizungusha banjo hewani, akipiga makelele, akirusha miguu. Stringbean, aliyepiga banjo kwa Monroe kabla ya Scruggs, alijulikana kwa vichekesho sawasawa na alivyojulikana kwa nyuzi. Desemba 1945 Earl Scruggs akaingia kwenye bendi ya Monroe, kijana wa North Carolina mwenye umri wa miaka 21, akisimama wima na uso mkavu, anapiga kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, sauti zinamwagika kama mtama kwenye ungo. Husimuliwa kwamba Uncle Dave alipomsikia alikiri kuwa kijana anajua, lakini akalalamika kwamba hachekeshi hata kidogo. Malalamiko yale yanaeleza badiliko lote. Banjo iliacha kuomba kicheko kwa mavazi na vituko, na kichekesho kikahamia ndani ya wimbo.

Mlevi wetu alifaidika sana na badiliko hilo. Katika bluegrass, baada ya ubeti mwimbaji hunyamaza na chombo kimoja hupokea, banjo kwanza, kisha fidla, kisha mandolini, kila kimoja kikitoa maneno yake. Katika wimbo wa kuchekesha nafasi hiyo ina kazi ya pili: ndipo watu wanapocheka. Mwimbaji anatamka kabichi yenye masharubu, uso haujamtikisika, na kabla kicheko hakijapoa banjo imeshadaka, inakibeba, inakipeleka mpaka mlango wa ubeti unaofuata. Mwimbaji wa zamani aliyeimba peke yake jikoni bila ala alilazimika kusubiri au kukikatiza kicheko. Bendi haisubiri wala haikatizi. Na kasi inafanya jambo jingine. Mume anauliza mbio, mke anajibu mbio, hakuna anayepata muda wa kufikiri, kama ugomvi wa kweli wa usiku wa manane. Anayesema bluegrass imeuharibu utenzi huu ausikilize pole pole bila ala, halafu ausikilize na bendi, halafu aseme ni wapi mke anasikika mwerevu zaidi. Kwangu ni kwenye bendi, kwa sababu majibu yake lazima yatoke papo hapo.

Hoja ya pili ni nzito, na sina nia ya kuipunguza uzito. Inasema kwamba kicheko katika muziki wa banjo hakina mikono safi. Mwaka 1843 huko New York, kundi la Virginia Minstrels, wanaume Weupe waliojipaka nyuso nyeusi, walisimama jukwaani na banjo, fidla, tari na mifupa ya kugonganisha, wakiwaigiza Weusi kwa dhihaka, na mtindo huo ukatawala burudani ya Marekani kwa miongo mingi. Ndiyo njia kuu ambayo banjo ilifika mikononi mwa Weupe wengi. Hata Grand Ole Opry ilikuwa na wachekeshaji wa kujipaka weusi, Jamup na Honey, katika miaka ileile bluegrass ilipokuwa ikizaliwa kwenye jukwaa lilelile. Mtu mweusi anaposikia banjo na kicheko pamoja, na mwili wake ukakaza, anakumbuka kitu kilichotokea. Kwa hiyo ninaposema kicheko ndicho kilichouvusha wimbo, silazimiki kusema kila kicheko ni kizuri. Kipo kicheko kinachowacheka watu kwa walivyoumbwa, na kipo kinachocheka hali ambayo mtu yeyote angeweza kuangukia. Mlevi mbele ya ng'ombe mwenye tandiko hana rangi. Ndiyo sababu Coley Jones na Earl Johnson waliweza kuuimba wote wawili bila mmoja kumfanya mwenzake kinyago, na ndiyo sababu wimbo huu uliokoka wakati mamia ya nyimbo za dhihaka za wakati uleule leo hayaimbiki mbele ya watu. Lakini tofauti hiyo msikilizaji hawezi kuijua asipoambiwa historia. Video ya dakika mbili isiyo na neno lolote chini yake inavichanganya vicheko vyote viwili kwenye kapu moja.

Hoja ya tatu husemwa na dada zetu wengi, kwamba wimbo unamtukana mwanamke kwa kumfanya mzinzi na mwongo. Hapa nakubali nusu. Katika familia hii ya tenzi kuna zinazomtukana na hata kumpiga. Namba 277 ya Child inasimulia mume anayemfunga mkewe ngozi ya kondoo kisha kuichapa, akidai anachapa ngozi yake tu. Huo sina hamu ya kuusambaza, na anayeupiga leo kwa kuchekelea ana la kujibu. Wimbo wa mlevi ni mwingine. Mke ndiye mwenye maneno, mume ndiye anayechekwa, na hakuna fimbo. Lipo hata toleo la Uskoti ambalo mgeni aliyefichwa ni ndugu wa mke kutoka kaskazini, mwasi anayesakwa na serikali, na uongo wote ule kuhusu farasi na upanga ni wa kumwokoa. Ubeti ule ukiujua, unamsikia yule mke tofauti hata katika matoleo mengine. Beti za mwisho, za usiku wa sita na wa saba, ni za matusi katika matoleo mengi, hilo ni kweli. Bendi ya The Dubliners ya Ireland iliporekodi wimbo huu mwaka 1967 iliimba usiku tano tu, na bado redio ya taifa lao iliupiga marufuku. Ukapanda mpaka nafasi ya 7 Uingereza. Wanaomkumbuka Remmy Ongala na Mambo kwa Soksi, wimbo ambao Radio Tanzania haikutaka kuupiga na kila baa ilikuwa nao, wanajua redio inavyoshindwa na watu katika mambo haya.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaingia wapi? Nimesikia wenzetu wakisema kwa fahari kwamba banjo ni yetu. Tuwe waangalifu. Nasaba ya banjo inaelekea magharibi mwa bara, kwenye ala kama akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia, yenye kibuyu, ngozi, nyuzi tatu na uzi mmoja mfupi unaogongwa kwa gumba, uleule ambao banjo ya Marekani imeubakiza kama uzi wa tano. Njia ya Bagamoyo na Zanzibar iliwapeleka watu wengi upande mwingine wa dunia. Kiungo chetu cha kweli na chombo hiki ni cha juzi, na ni kizuri hata hivyo. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akitafuta jamaa za ala yake, na filamu aliyoitoa mwaka 2008 aliipa jina linalofasiri jina la Bagamoyo, bwaga moyo. Alipiga pamoja na Anania Ngoliga, Mgogo asiyeona, bingwa wa ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na mwingi wa utani, na ukisikiliza wawili wale wakijibizana unasikia kicheko kabla hujasikia ufundi. Kenya nayo ina wapenzi wa kantri wa miaka mingi, na Sir Elvis wa Nairobi anaimba nyimbo hizo mbele ya kumbi zilizojaa. Hatuhitaji hati ya mirathi ili tuuingie wimbo huu. Waliouimba Hungaria hawakuwa nayo.

Tunachohitaji ni kuusambaza kama unavyotakiwa kusambazwa, na hapo sheria ya Marekani inagusa simu zetu. Wimbo wenyewe hauna mwenyewe; ni wa kale mno. Rekodi ni jambo jingine. Kwa sheria waliyoipitisha mwaka 2018, rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa kwa miaka 100, kwa hiyo ile ya Earl Johnson ya 1927 itakuwa huru Januari 2028, na ya Coley Jones itafuata baadaye kidogo. Mpaka siku hiyo mitambo ya majukwaa ya video itaendelea kudai mali hata pale kijana anapopiga utenzi wa 1776 kwa mikono yake, kwa kuwa mtambo unatambua mlio na haujui nasaba. Anayerusha wimbo huu anaweza kuusaidia kwa mstari mmoja: aandike kwamba umechapishwa Uskoti 1776, umerekodiwa na Johnson na Jones, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na kwamba bendi iliyo kwenye video ni ya hivi karibuni tu. Mstari huo unatosha kuuzima ugomvi mwingi, na unampa msikilizaji mlango wa kwenda kuwasikiliza wawili wale mfululizo, jambo ambalo duka la 1929 lilimnyima.

Na anayeweza, aufanye wake. Mpwa wangu wa darasa la sita nilimweleza kisa hiki kwa Kiswahili, nikambadilishia farasi. Mume anarudi, anakuta bodaboda imeegeshwa mlangoni. Mke anasema ni mbuzi wa maziwa, kaletwa na mama kutoka kijijini. Mume anasema amezunguka Dodoma, Singida mpaka Tabora, mbuzi mwenye taa ya mbele hajamwona. Usiku wa pili anakuta helmeti mezani, anaambiwa ni sufuria. Sufuria yenye kioo na mkanda wa kidevuni. Nilipofika kwenye kabichi alinikatiza. Kabichi hailazwi kitandani, alisema, mwambie ni tikiti. Kisha akaimalizia mwenyewe, tikiti lenye masharubu linalokoroma, na kesho yake shuleni alikuwa na usiku wa nne ambao sikumfundisha mimi.